Kikombe cha Bi Salma

Jumatatu, 2 Juni 1975
Leo tena nimesahau kutikisa kikombe. Hapa Ibra, Omani, usipokitikisa ukishatosheka, unamiminiwa tu. Bi Salma, jirani yetu mjane, alimimina huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Nimekunywa kahawa hadi moyo unanienda mbio. Ni mtu wa kwanza hapa kutupokea bila kutuuliza tumefuata nini.

Jumatano, 4 Juni
Kumbe kaka Seif keshakwenda kwa wazee wa mtaa. Anaidai bustani ya mitende anamokaa Bi Salma. Ilikuwa ya babu kabla hajahamia Pemba. Alipoondoka akamwachia baba mkwe wa Bi Salma. Seif anasema aliachiwa aitunze tu. Uongo. Marehemu mama alitwambia sote wawili, jikoni kwetu Wete: babu alimpa, mitende na zamu ya maji. Nina hasira.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemwambia Seif usoni. Akanijibu, "Sisi tulipotolewa kwetu, nani alitusemea?"

Pemba, mwaka wa mapinduzi. Bunduki mlangoni, karafuu zimeanikwa uwanjani, tukatoka na nguo za mwilini. Namchukia Seif. Na bustani naitaka. Nimechoka na chumba hiki cha kupanga, joto, choo cha watu wengi.

Na shamba letu la Pemba, kabla ya babu lilikuwa la nani? Nyumbani hilo halikuulizwa.

Ijumaa, 13 Juni
Wazee wamekaa baada ya sala. Walimtuma mtu aje kuniuliza kama mama alisema lolote juu ya bustani.

Nikasema sikumbuki.

Wakaamua: bustani yetu.

Jumanne, 17 Juni
Bi Salma kahama. Kaenda kwa binti yake, upande wa pili wa mji. Mitende kaiacha imeshiba maji, uwanja umefagiwa. Mama naye alifagia siku ile ya Pemba, na Seif akamgombeza, anamfagilia nani. Leo Seif kauzunguka, hakuukanyaga.

Jumapili, 22 Juni
Bi Salma kaja bustanini kumchukua mbuzi wake. Nikamtandikia mkeka palepale alipokuwa akinikalisha mimi. Kahawa nimeipika mwenyewe, iliki imezidi kidogo. Nikampa kikombe. Akakipokea kwa adabu zake zote.

Kabla sijainua dele la kahawa kummiminia, akakitikisa, kitupu, akanirudishia. Kisha akaenda kumfungua mbuzi.