Samaki Anayepalilia Mawe

Wewe, ulikuwa umepotelea wapi? Miezi yote hiyo hupiti hapa hata kusalimia, halafu leo ati unachungulia. Haya, keti. Mimi sikusoma. Naongea tu, simu inaandika, kwa hivyo ikikosea usinicheke.

Leo ni Jumamosi, Kitale imeamkia manyunyu, na kichwa changu kimejaa samaki.

Mjukuu wangu Nasimiyu anafanya kazi Kilifi, kupima samaki na kuwarudisha baharini. Juzi alichomwa na mmoja anaitwa tasi. Ana miiba mgongoni, na miiba yenyewe ina sumu. Mkono ulivimba mpaka vidole vikakataa kukunjika.

Baba yake, mwanangu Wafula, ametoka Bungoma asubuhi kuniomba nimwambie msichana arudi. Amemtafutia kazi ya duka pale mjini. Anajua mimi nikisema rudi, Nasimiyu atarudi.

Na nilikuwa tayari kusema. Nilipiga simu na hasira zangu zote.

Lakini mdomo ukauliza kwanza huyo samaki anakula nini.

Akaniambia anakula mwani unaoota juu ya matumbawe. Nikamuuliza, matumbawe si ni mawe tu? Akacheka, akaniita Kukhu, yaani nyanya.

"Kukhu, hayo mawe yako hai. Yanakua. Mwani ukiyafunika yanakosa jua, yanakufa, na samaki wengine wanakosa nyumba. Tasi ndiye anayeyasafisha."

Mawe yanayoishi. Mimi jiwe nikilipata shambani nalitupa kwa ua.

"Basi huyo anapalilia," nikasema.

"Eeh, Kukhu. Kutwa nzima."

Wafula akawa ananikonyeza nimwambie yale maneno. Nikamgeukia. Nikamwambia upupu umenichoma miaka yote kwa shamba la mahindi, na wewe ulikula ugali, hukuniambia niache kupalilia.

"Mama, upupu hauna sumu."

"Utajuaje, na jembe ulikuwa unalikimbia?"

Hata hivyo nilimwonea huruma. Ni mtoto wake, na mkono ni wa mtoto wake.

Nasimiyu anabaki. Nimemwagiza avae glavu nene, na akichomwa tena aloweke mkono kwa maji moto, maana anasema hayo humpunguzia uchungu. Wafula amekula akiwa amenuna, akaenda.

Sijui kama nimeamua vizuri. Huo mkono bado unanitisha.

Na kuna jambo nilisahau kuuliza. Giza likiingia, huyo mpaliliaji analala wapi na miiba yote hiyo?

Ukipita hapa tena usije mikono mitupu. Tafuta mtu wa Pwani, umuulize, uniletee jibu.