Sarafu za Baba Juu ya Bati

Ntobeye, Ngara,
Kagera.
14 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Thobias,

Marahaba. Najiitikia mwenyewe, maana ungepokea simu ungeniamkia, na simu hupokei. Hujambo lakini? Joto la huko Doha limepungua? Na ule mguu uliokuwa unakusumbua kazini umepona? Sisi huku tupo. Mvua zimeshika, maharage yametoka vizuri, migomba ya nyuma ya jiko ililazwa na upepo ila tumeiwekea miti ya kuiegemeza. Mama haumwi ugonjwa wa kupeleka hospitali, lakini si mzima, na ndiyo sababu nimekaa chini kukuandikia.

Barua hii anakuja nayo Yasmini, binti wa Mama Arafa mwenye duka la vitambaa Ngara mjini, anarudi kazini kwake huko huko. Nimemwambia asikukabidhi mlangoni akaondoka. Akae mpaka uimalize. Ukiona nakulazimisha, ndiyo, nakulazimisha. Mgongo uliokubeba ni huu huu.

Kwanza mazishi ya Baba. Tulipokea rambirambi zako, Mungu akujalie. Tulijua umenyimwa ruhusa, hakuna aliyekunung'unikia. Watu walijaa hadi barabarani. Baba mdogo Habimana alisema pale kaburini kuwa Felisiani ndiye mtu pekee Ntobeye nzima aliyekuwa akihesabu sadaka ya kigango na kutoka na furaha kuliko padri. Watu wakacheka huku wanalia. Walimkumbuka na miwani yake iliyofungwa uzi, anageuza sarafu moja moja kutafuta mwaka alioukosa, akiupata anatoa yake mpya anabadilisha, na siku hiyo nyumbani tunakula nyama.

Haya. Sasa nije kwenye kopo.

Siku ya kuondoa tanga ulipiga simu ukauliza kopo la sarafu liko wapi, maana Baba alikuahidi tangu uko darasa la nne. Mimi nikababaika. Mama akaninyang'anya simu akakwambia mwenyewe kwamba amezipigilia kwenye bati. Nawe ukamwambia, "Mama, umemuua Baba mara ya pili." Ukakata. Ile simu ina sauti kubwa, Thobias. Tulisikia wote, hadi wageni waliokuwa wanakunja mikeka.

Ulimi hauna mfupa, najua, na ulikuwa na uchungu. Lakini ulikata kabla hujasikia ilivyokuwa. Kaa usikie.

Mwezi wa tisa, mimi nikiwa Mwanza namuuguza Baba, huku ilinyesha mvua ya mawe. Bati la chumbani kwao likalegea misumari, maji yakawa yanadondoka juu ya kitanda cha Baba, pale pale pa kichwa. Madaktari wakaniambia nimrudishe nyumbani, kifua chake hakitaki unyevunyevu. Maneno hayo nikampa Mama kwa simu kama nilivyopewa.

Mama akamwita fundi Rwekaza. Akaja na misumari, vipande vya ndala na vizibo vya soda vya kuzuia maji yasipite kwenye tundu la msumari, kama wanavyofanya mafundi wote wa huku. Mama akavikataa vizibo. Akasema hivyo ndivyo vilivyooza mara ya kwanza. Ndipo akakumbuka alichokuwa anajisifia Baba miaka yote, kila alipozianika sarafu zake kwenye ungo: "Rozalia, chuma chote kitaliwa na kutu, hizi haziliwi." Akainama chini ya kitanda akatoa kopo.

Rwekaza anasema alimuuliza, Mama una hakika? Mama akamjibu kuwa hela hizi zilishakufa, hakuna duka linalozipokea, basi acha zimfanyie kazi mwenyewe aliyezitunza. Rwekaza akazipeleka Kanazi kwa fundi wa kuchomelea mwenye drili, zikarudi zimetobolewa katikati. Zote. Senti ishirini za mbuni, senti hamsini za sungura, shilingi za mwenge, ile shilingi tano yenye pembe pembe. Unajua Mama hajui kusoma. Kwake sungura ni sungura. Ile miaka midogo midogo iliyoandikwa pale, mliyokuwa mkiitafuta wewe na Baba kama watu wanaotafuta chawa, haikumwambia kitu.

Na sikiliza hili, maana ndilo linaloniua. Hakumficha Baba kwa hofu. Alimficha kama mtu anayeficha zawadi. Alikuwa anangoja Baba apate nguvu kidogo, amtoe nje na kiti, amwambie tazama juu. Jua likitoka baada ya mvua nyumba yetu inametameta hadi majirani wanaiita benki. Alitaka Baba acheke. Alishapika hata pombe ya siku hiyo, rubisi ya ndizi.

Baba hakutoka nje kwa miguu yake. Tuliporudi naye, mvua ya kwanza ilipopiga alilala anasikiliza, akanyoosha mkono akapapasa mto, akasema, "Rozalia, leo umenilaza pakavu." Mama alitabasamu nikadhani karudi kuwa bibi harusi. Halafu Baba akasema, "Lile kopo, ulitunze. Ni la Thobias."

Niliuona uso wa Mama. Sitaki kuuona tena. Hakujua kuwa ni zako. Mambo yenu ya sarafu mlikuwa mnaongea wenyewe wawili kule upenuni, sisi tukiwacheka. Akainuka akaenda jikoni. Keshokutwa yake Baba akatutoka. Kwa hiyo Mama ana mambo mawili kifuani: Baba ambaye hakumwambia kweli, na wewe uliyemwambia neno lile.

Sasa nikupe hali ilivyo. Mvua ikianza, Mama anatoka nje. Anakwenda kusimama kwenye ile migomba, khanga imelowa chapa, mpaka ikatike. Nikimvuta ananiambia hawezi kukaa pakavu chini ya mali ya mtoto wake. Nilimpa jani la mgomba ajifunike, akaliweka chini. Amekwisha kuwa mwembamba, na anakohoa kikohozi nilichokizoea Mwanza. Padri amekuja, Baba mdogo amefoka, Mama Arafa amekuja na uji wa pilipili manga akambembeleza kama mtoto. Wapi! Anawaitikia vizuri, wingu likitanda anainuka.

Rwekaza naye kanijia kichwa chini, akasema anaweza kuzing'oa zote akaweka za dukani. Nilipanda ngazi mwenyewe kutazama, na umri huu wangu. Ee Mungu wangu. Zimepangwa safu safu kama mahindi. Unaikumbuka ile kubwa ya miaka ishirini ya Uhuru, uliyoipata gulioni Kasulo kwa kumtoa jogoo wako, ukarudi unalia kwa ajili ya jogoo na unacheka kwa ajili ya sarafu? Rwekaza aliona ndiyo pana kuliko zote, akaipiga pale palipovuja zaidi. Iko juu ya pale palipokuwa na kichwa cha Baba. Hapajadondoka hata tone.

Nilishuka nikamwambia Rwekaza aache. Aling'oa moja tu, ya ukingoni upenuni, ambako pakivuja hapamlowanishi mtu. Ni senti hamsini. Nimeifunga kwenye kitambaa cheupe, Yasmini anayo. Sungura ana tundu tumboni, usishtuke. Nilitaka uishike kabla hujaamua. Ukisema zing'olewe, zitang'olewa, ni zako. Ila mimi dada yako nakuomba uziache. Umerithi kopo la Baba, lenyewe ndilo linalomwezekea mama yako nyumba.

Na umpigie. Usimpe maelezo marefu, hawezi kuyabeba. Mimi namwambia kila siku kuwa hukumaanisha, haniamini, anasema wewe si mimi. Neno lililomtoa ndani ni lako.

Baba mdogo Habimana anakusalimu, pamoja na mwanangu Priscila anayejifungua mwezi ujao, na Rwekaza ambaye anaona haya hata kukutajia jina lake. Nisalimie wenzako wote wa nyumba moja huko. Mungu aliyemlaza Baba pakavu akufunike na wewe ugenini, akurudishe tukiwa bado tunatambuana.

Nilitaka kuongeza habari za kahawa lakini wingu limetanda tayari kule upande wa Burundi, na nimesikia mlango wa jikoni. Ametoka. Nakwenda kusimama naye.

Thobias, mpigie. Mwambie aingie ndani.

Wako akupendaye hata ukikasirika,
dada yako,
Deodata