Siku Tuliyoketi kwa Mzee Kioko

Mwende mjukuu wangu,

Huku hatujambo, babu yako bado anabishana na redio. Umeuliza nilianzia wapi kupigania watoto.

Nilikuwa msichana, Mbooni. Zamu ya mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, ilifika kwa Mzee Kioko. Alikuwa amemtoa binti yake Syombua shuleni amwoze, na mbuzi wa mahari ameshapokea. Tulifika shambani, tukaweka majembe chini, tukaketi.

"Mvua inakuja! Mnangoja nini?" Mzee Kioko alifoka.

Nilijibu, "Syombua arudi shule."

Adhuhuri aliwafungua wale mbuzi, akawarudisha kwa waposaji. Tukamchimbia matuta hadi jioni.

Miaka baadaye, nikiwa mbunge nimesimama kuzungumza bungeni, wanaume walinipigia kelele, "Keti chini, mama!" Nilicheka. Hawakujua kuketi ndiko kulikonifikisha pale.

Susu yako