Thembo, Mzaha Ule Ulikuwa Wangu

Thembo, rafiki yangu,

Katika madereva wote wa malori ya saruji hapa Kasese, hakuna mwenye bahati kama mimi. Wengine wakifiwa hubaki na maneno yamewakwama kooni. Mimi nilifika Bwera ungali na pumzi, tukamaliza yetu, ukaniambia niende kwa amani. Nimeisimulia habari hiyo kuanzia Mpondwe hadi Hima, na kila mahali wananinunulia bia.

Chumba chako cha kushonea sasa amepanga mwanamke wa kusuka nywele. Cherehani dada yako aliibeba hadi Munkunyu. Kwaya imepata mwalimu mpya, mtu wa kelele, na sauti ya pili inazama kama lori kwenye matope ya Bugoye. Ungecheka wewe.

Nakumbuka siku uliyoniambia. Nilikuwa nimekupakia tukitoka Bwera, mvua inapiga kioo, nakutania kwamba nitakutafutia msichana Kisinga. Kisha ukasema moyo wako haujawahi kwenda kwa mwanamke, unaenda kwa wanaume, na kwamba umemwahidi Mungu kukaa peke yako. Nusura niingize gari mtaroni. Binamu yako wa Kampala alikuwa anakuandikia kwenye simu ujitangaze, uachane na kanisa. Mjomba wako alisema oa tu, itaisha. Ukaniambia, "Sitaoa dada ya mutu nimudanganye. Na sitajiita jina ya kitu mwili inataka. Mimi niko mutu ya Yesu. Ile ingine ni muzigo, nabeba."

Mimi niliishia darasa la sita, na mambo ya mwili nayafanya, siyafikirii. Lakini siku ile nilikuheshimu. Nakuapia.

Halafu ukaja mkutano wa kuchangia harusi ya Biira wa kwaya. Kipaza sauti nilikishika mimi, nani mwingine. Unajua ilivyo kawaida yetu: wasiooa wanasimamishwa mbele ya watu wataje tarehe yao. Ulisimama, ukasema kwa upole, "Mimi nitashona suti za wengine." Ningekuacha ukae. Lakini watu walikuwa wananingoja niwachekeshe, na kicheko cha watu ndiyo pombe yangu kubwa. Nikasema, "Muacheni huyo. Kila siku anapima wanaume viuno, bibi harusi wa nini?"

Walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakakutazama.

Jumapili ukaambiwa upumzike kwaya. Wanaume wakapeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Wewe, ambaye hukumgusa mtu. Na mimi, mwenye mke wa pete nyumbani na wawili wasio na pete njiani, nikapewa kipaza sauti cha harusi yenyewe. Nikakipokea, Thembo. Nikachekesha watu mpaka jioni.

Ulirudi Bwera kwa mama yako bila kunitaja kwa ubaya. Hata homa ilipokulaza hospitali, mama yako alinipigia akasema, "Baba, rafiki yako anakuulizia. Kila mlango ukifunguka anadhani ni wewe."

Basi pumzika, fundi. Jumapili hii nitasimama mbele ya kwaya ile ile niseme mzaha ulikuwa mchafu na ulikuwa wangu, na kwamba kati yetu wawili, wa kunyamazishwa nilikuwa mimi. Siri yako sitaigusa. Na wale wawili wa njiani nitawaaga. Hilo sijui kama nitaliweza, lakini nimeshaliandika.

Na ile bahati ni uongo. Mama yako aliponipigia nilikuwa Kisinga, mwendo mfupi tu mpaka kitandani kwako. Nikaona haya, nikaagiza bia nyingine, halafu nyingine. Nilipofika ulikuwa umeshafunikwa shuka. Hukunisamehe. Sikukuomba.