Kopo mbele ya baba mkwe

Bibiana, nimepita mbele ya baba mkwe na kopo la chooni mkononi. Mchana kweupe!

Mimi huyu huyu, miaka minne hapa Kasingirima najibana mpaka mzee aondoke mlangoni pa choo, maana ndipo anaposhonea nyavu zake kutwa.

Asubuhi nilikwenda hospitali, nikijua ni vidonda vya tumbo. Daktari akauliza, "Choo kikubwa ulipata lini?" Nikasema Jumapili. Leo Ijumaa! Akaweka kalamu chini.

Eti utumbo wangu umezoea uvivu. Chakula kikilala humo siku nyingi, bakteria wanamaliza nyuzinyuzi wanageukia protini, na taka zake zinaingia kwenye damu. Figo ndizo zinazobeba mzigo, mwaka baada ya mwaka.

Nikamwambia najibana. Akauliza, "Unamficha nani, mama?"

Unamficha nani!

Njia nzima nawaza. Mama alinifunza baba mkwe asijue hata kama unakula, sembuse hilo. Sasa heshima gani hii ya kuniozea tumboni? Figo ni zangu!

Nikachota maji, nikasimama mbele yake. "Shikamoo baba. Naenda chooni."

Wifi pale jikoni nusura aangushe sufuria.

Mzee hata hakuinua macho kwenye wavu. "Marahaba. Usikawie, nami naingia. Kila siku nangoja mpaka uende sokoni."

Miaka minne, Bibiana! Tumejibana wote wawili.

Na kesho napita tena.