Msiba wa Mzee wa Ufaransa

Jumatatu, 11 Oktoba 1993

Leo tena maji hayakutoka. Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Ofisini hakuna barua ya Kifaransa ya kutafsiri, wiki ya tatu sasa. Nimepewa mafaili ya Kiingereza nipige chapa. Miaka miwili Ufaransa kwa fedha ya serikali, na leo nimepiga chapa orodha ya matairi.

Jioni nimesikiliza Kifaransa redioni, masafa mafupi. Inakoroma, lakini ni sauti ndani ya chumba.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimepita kibanda cha video karibu na stendi. Nimemuuliza mwenye kibanda kama anaweza kuniagizia Dar filamu ya Mzee. (Ni mtengeneza filamu wa Ufaransa; mimi humwita Mzee tu. Jina lake hakuna anayelijua hapa.)

"Kuna mapigano?"

"Hakuna."

"Nyimbo?"

"Hakuna."

"Sasa dada, watu walipie nini?"

Nikaenda zangu. Jibu ninalo sasa, nimekaa peke yangu. Ile filamu ya mlinzi wa reli. Mkewe ameondoka. Majira yote ya baridi anaandaa sahani mbili mezani. Siku moja anaandaa moja. Basi. Hakuna muziki wa kukuambia lia. Nililia hivyohivyo, kule Ufaransa, na nje theluji, na mimi mtoto wa kijijini Busi sikuwahi kuona theluji kabla ya hapo.

Mzee alikuja mwenyewe jioni ile kuzungumza na watazamaji. Mfupi, koti limechakaa. Nilinyoosha mkono, nikauliza kwa nini hakuuonyesha uso wa mke. Akanitazama. Akasema: kwa sababu mume alikuwa ameanza kuusahau.

Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka. Sijawahi kujibiwa swali vile, kabla wala baada.

Jumapili, 17 Oktoba

Misa. Nimefua. Sijaongea na mtu tangu saa nne asubuhi.

Jumanne, 19 Oktoba

Mzee amefariki. Redio imesema kwa sentensi mbili, kisha bei ya kahawa.

Jumatano, 20 Oktoba

Nimelia ofisini, mbele ya watu. Nilikuwa napiga chapa, ghafla herufi sizioni. Mama Tumaini wa masijala ndiye aliyeniona kwanza.

"Neema, umefiwa?"

"Nimefiwa."

"Na nani?"

"Mzee wangu. Ufaransa."

Nilisema hivyo tu. Sikudanganya. Lakini sikuongeza neno, na hapo ndipo nilipokosea. Kabla ya saa sita ofisi nzima inajua. Mkuu ameniita. "Pole sana, mama. Nenda nyumbani, tutaonana Jumatatu." Nikasema shikamoo badala ya asante. Nimetembea nyumbani nikijiambia kesho nitaeleza.

Alhamisi, 21 Oktoba

Hawakungoja niende kueleza. Walikuja.

Wanawake saba wa ofisini, na unga, sukari, mikeka, kuni. Viti vikatolewa nje. Jirani akaleta sufuria kubwa bila kuulizwa. Wakaanza kuimba. Mwaka wa nne nipo Dodoma, chumba changu hakijawahi kujaa watu. Nitaandika ukweli: nilifurahi. Nilikaa chini nimejifunika khanga, nikafurahi, na nikaogopa.

Bi Zuhura wa uhasibu akaniuliza kwa upole: "Ndiye aliyekusomesha?"

Nikashindwa. Nikasema yote. Kwamba alikuwa mtengeneza filamu. Kwamba nilimwona jioni moja.

Bi Zuhura akanikazia macho.

"Yaani mtu wa sinema? Alikuwa anakujua?"

"Hanijui."

Bi Zuhura alisimama. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Mwaka jana nilizika mwanangu, Neema. Ulikaa na mimi kwenye mkeka. Msiba si mchezo." Akachukua mkoba wake. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wakikwepa macho yangu.

Mama Tumaini akabaki, mwiko mkononi. Ugali ulikuwa motoni.

"Huu nani atakula?" akasema. Akaendelea kusonga. Tulipokaa kula akasema, "Haya, nisimulie hiyo sinema."

Nikamsimulia. Reli, theluji, sahani mbili. Hakunikatiza.

"Mke akarudi?"

"Hakurudi."

Akanawa mikono taratibu. "Wangu alirudi. Heri asingerudi."

Aliondoka jua likizama.

Jumatatu, 25 Oktoba

Aibu. Vijana wa usafirishaji: "Pole na msiba wa sinema!" Mkuu amesema siku zile zitakatwa kwenye likizo yangu. Sawa. Nilimfuata Bi Zuhura mezani kwake. Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakuinua kichwa.

Ijumaa, 29 Oktoba

Bi Zuhura ameitikia salamu yangu. Kuitikia tu. Nimeipokea.

Mchana Mama Tumaini alikuja na karanga. Yeye ni Mwanglikana wa Mvumi, mambo yetu anayasikia kwa mbali. "Nyinyi Wakatoliki mwezi huu unaokuja si mnasomewa majina ya marehemu?"

"Ndiyo."

"Wanauliza undugu?"

Nimefikiri. "Hawaulizi."

Akarudi masijala.

Jumanne, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Misa ya asubuhi, kabla ya kazi. Mawingu kidogo, mvua bado.

Nililipeleka jina la Mzee Jumapili. Katekista alilitazama, akaniuliza linatamkwaje. Nikamwambia. Leo alisoma majina marefu ya Kigogo, ya Kirangi, ya Kihehe, bila kukwama. Alipofika kwenye jina la Mzee akasimama, akapangusa miwani. Akalikata vipande vitatu, kila kimoja kibaya.

Kanisa zima likaitikia: apumzike kwa amani.

Wakulima, akina mama na watoto mgongoni, askari wawili mlangoni. Wote. Na mimi katikati yao.