Kura ya Dada Tsuneyo

Tokyo, 3 Februari 1946

Dada Tsuneyo,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na theluji haijavunja paa. Mimi mzima, ila njaa ya huku haina adabu. Viazi vitamu asubuhi, viazi vitamu jioni.

Dada, nagombea ubunge huko kwetu. Mwaka huu wanawake tunapiga kura kwa mara ya kwanza, na siku hii nimeipigania miaka ishirini. Lakini mpiga kura lazima aandike jina la anayemtaka kwa mkono wake, na akina mama wengi wa kijijini hawajashika kalamu tangu waolewe. Wewe una mwandiko mzuri. Nakuomba uwafundishe kuandika jina langu. Bila kijiji chetu sipiti.

Mdogo wako,
Masue

Niigata, 20 Februari

Mdogo wangu,

Kifua kiko vilevile. Mume wangu Seizo hajambo, analalamika tu kwamba achari ya figili imezidi chumvi.

Gazeti lenye hotuba yako lilitangulia barua yako. Mke wa karani wa posta alinisomea mbele ya watu: "Dada yangu alinishinda akili, lakini nyumba yetu haikuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo yeye mkubwa alizuiwa nyumbani, akaletewa mume wa kuchukua jina la baba." Wanasema ulipigiwa makofi. Kisha akanigeukia, "Kumbe ni wewe huyo? Pole, mama."

Nakuonea wivu, Masue, sitaki kuficha. Nilibaki kupika, wewe ukaenda shule. Ukaolewa na mtu uliyemchagua. Sasa hata shida zangu umezichukua, unasimama nazo jukwaani na zinakupendeza. Tafuta mwalimu mwingine.

Dada yako,
Tsuneyo

Tokyo, 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimeandika mara mbili, kimya. U mzima kweli?

Nisamehe. Sikukuomba ruhusa kwa kuwa nilijua utakataa. Sehemu ile nimeiondoa, na sasa watu wananipigia miayo. Nijibu, hata kwa matusi.

Mdogo wako,
Masue

Niigata, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Sote wazima. Leo tumepiga kura, matokeo bado.

Barua yako ya Machi ilinikuta nimeshaanza kufundisha. Wanawake kumi na tisa, wiki tano, kwa kijiti kwenye majivu ya jiko. Bibi Kiku, mwenye miaka sabini na mmoja, alinung'unika, "Huyu mdogo wako hawezi kugombea kwa jina fupi kidogo?" Sikufanya kwa upendo. Sikutaka useme umeshindwa kwa sababu yangu. Na kila walipoandika vizuri ndipo nilipozidi kuumia. Nyumba nzima ilikuwa Masue, Masue.

Leo nikaingia kibandani, mimi na penseli. Nikataka kuandika jina lako, mkono ukagoma. Nikaandika langu. Najua kura hiyo imeharibika, sikugombea kitu mimi. Lakini niliandika polepole, kwa mwandiko wangu bora, nikaikunja karatasi na kuitumbukiza.

Wale kumi na tisa ni wako, niliwasahihisha hadi mlangoni. Ukipungukiwa kura moja, usihangaike kumtafuta aliyekunyima.

Dada yako,
Tsuneyo